Kuhamisha Malori ya Mjomba

Diski ya kompyuta yangu ilianza kugonga kipindi ambacho nilikuwa na kadi nyingi za harusi za watu. Ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi huku anajua mmeshamsikia. Nina steshenari ndogo mbele ya nyumba yetu, Rasbura, hapa Lindi. Nachapa barua na risala, natoa kopi za vyeti, nabuni kadi za mialiko. Kadi ningezichapa upya, wenyewe wangenung'unika kidogo na mambo yangeisha. Kilichonikata maini ni malori ya mjomba wangu, maana nayo yalikuwa humo humo.

Malori yenyewe ni ya gemu. Huwezi kuyapakia hata gunia moja la korosho. Lakini ukimcheka mjomba kwa hilo, mimi na wewe tutakosana.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa kumfuata ziwa. Aliendesha malori ya kweli maisha yake yote. Alianza utingo, akapanda pole pole mpaka akakabidhiwa usukani. Amebeba chumvi, saruji, mbao na korosho, na barabara ya Dar anaijua tangu enzi za tope, gari lilipokuwa likikwama mtu anashusha sufuria na kupika, kwa sababu hakuna ajuaye ataondoka lini. Kisha kiharusi kikampata nyumbani kwake Kiswere akiwa anavaa viatu. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tukamleta kwetu awe karibu na hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi alituambia vidole vya mkono mzima visikae bure, na ule uliolala usiachwe uning'inie, uwekwe mezani. Mjomba alipewa mpira wa kuminya. Aliuminya mara mbili, akautupa uvunguni. Akapewa shanga za kutunga. Akaniuliza, kwa maneno ya kukatikakatika, kama anaolewa. Ndipo nikaweka gemu la kuendesha malori, maana niliona herufi zote za kuongozea gari ziko kushoto mwa kibodi, upande ule ule wa mkono wake mzima. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Siku ya kwanza haikwenda vizuri. Aliendesha muda mfupi, gari likamshinda, akaondoka kwenda kulala. Nikajua na hilo limefuata mpira uvunguni. Kesho yake alikuja mwenyewe akiburuza mguu, akakaa kwenye kiti changu, akaniambia, "Maji." Nilipomletea maji alikuwa tayari yuko barabarani. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi: anakaa, ananituma maji, nikirudi namkuta anaendesha.

Na aliendesha. Katika gemu hilo unaanza huna kitu, unaendesha gari la mtu kwa ujira, mpaka upate lako, kisha la pili, kisha gereji na madereva wa kuajiri. Barabara zake ni za Ulaya. Mtu ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji ya samaki alikuwa akipeleka jibini kwenye theluji. Madereva wake aliwagombeza kwa sauti ingawa hawamsikii: huyu anakunywa mafuta, huyu mvivu, huyu nitamfukuza. Ulimi wake ulirudi kwa kugombeza. Mazoezi ya kutamka aliyopewa hospitali hayakumsaidia hata robo ya alivyosaidiwa na uvivu wa dereva mmoja wa kwenye kompyuta. Mama alikuwa anasikiliza kutoka uani, anatabasamu peke yake.

Kwa hiyo diski ilipoanza kugonga, yeye ndiye aliyesikia kwanza.

"Beringi hiyo," akasema.

Nikamwambia kompyuta haina beringi za namna ile. Akanitazama kwa huruma, na kweli baadaye nilikuja kuambiwa ndani ya diski za zamani mna kitu kinachozunguka, na kinaliwa. Akauliza kama malori yatapona. Nikasema nitayahamishia diski nyingine.

"Yakipotea," akasema, akatafuta maneno, "mimi siyaanzi tena. Utingo huanzwa mara moja."

Ninamjua mjomba. Si mtu wa kutishia. Na nilikuwa nimeshaona alivyokuwa kabla ya gemu, amelala anaangalia dari, mama akimgeuza kama mtoto. Nikaapa moyoni malori yale yatahama yote, hata kama kadi za harusi za Lindi nzima zitaungua. Nami nikishika jambo siachi, hata mama husema nilizaliwa nimeng'ang'ania kitanda.

Diski ya pili niliipata mjini, kwenye duka la familia ya Kihindi ambako marehemu baba alikuwa akinunua betri za redio. Mama mwenye duka alinionyesha waya wa kuunganishia, akaisikiliza ile ya zamani niliyokwenda nayo, kama mkunga, akatikisa kichwa.

"Hii usiisumbue sana," alisema. "Kila ukiigusa inapungua. Toa kwanza kile ambacho hukipati tena. Vingine acha."

Nikarudi nyumbani na ushauri huo, na ndio ulioniponza, ingawa ulikuwa ushauri mzuri.

Faili za gemu lile zinakaa katika folda, na ndani yake kila dereva ana folda yake yenye jina lake, lile uliloandika ulipoanza. Nilikuta folda tatu. Moja ilikuwa na jina langu, maana nililijaribu gemu kabla ya kumpa. Ya pili ilikuwa na jina la mjomba. Ya tatu ilikuwa na jina ambalo sikulijua, jina fupi, la kizamani. Kompyuta niliinunua ikiwa imetumika, na ndani yake nilikuwa nimeshakuta picha za mahafali za watu nisiowajua na mahesabu ya kuku wa mayai. Nikajua huyo naye ni katika mabaki ya mwenyewe wa kwanza, labda aliwahi kulicheza gemu hili hili. Sikutaka kuichosha diski kwa mali ya mtu asiyejulikana. Nikahamisha folda ya mjomba, nikaangalia mstari wa kijani ukijaa mara moja, nikashukuru Mungu. Ilipaswa kunishangaza kwamba malori yote yale yalihama upesi hivyo. Haikunishangaza. Nikaweka gemu upya kwenye diski mpya, nikaichomoa ile ya zamani nikaiweka kwenye mtoto wa meza.

Mjomba alikuja asubuhi. Mimi, kwa furaha, sikungoja anitume maji. Nikafungua gemu mwenyewe.

Jina lake likatokea. Kisha likatokea lori moja, la kuendesha kwa ujira, limetumbukia mtaroni, pua chini, na nyuma limefungwa mzigo wa mabomba. Hakuna gereji. Hakuna madereva. Hakuna lori jingine.

"Siye," akasema mjomba.

Tangu augue, silabi za mwisho zilikuwa zinamteleza. Nikajua anataka kusema siyo, kwamba gemu siyo lile.

"Ndiyo lenyewe, mjomba. Jina lako hili hapa."

"Siye."

"Siyo?"

 Akatazama lile lori la mtaroni, akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani, akainuka kwenda kulala. Akageukia ukutani. Uji alioletewa na mama ukarudi na ngozi juu. Siku iliyofuata vile vile. Mkono mzima nao akauweka kifuani akaacha kuutumia. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika. Nilikasirikia diski, nikamkasirikia mama mwenye duka, nikamkasirikia na mjomba mwenyewe. Kisha nikafungua mtoto wa meza.

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa steshenari anachambua mchele, kwa sababu pale pana upepo. Nikaiunganisha ile diski ya zamani. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga, folda zikatokea. Nikapitia kila mahali nilipodhani malori yangeweza kujificha. Hayapo. Nilipokosa kabisa nikaifungua ile folda ya mtu nisiyemjua, nikakuta imejaa. Faili juu ya faili, na ya mwisho ni ya siku ile ile diski ilipoanza kugonga.

"Mama," nikasema, "hivi huyu ni nani?" Nikalisoma lile jina kwa sauti.

Ungo ukasimama. Nilimwona mama akigeuka taratibu, punje za mchele zikiwa zimemganda vidoleni.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Lipo humu. Nadhani la mwenye kompyuta wa zamani." Nikalitaja tena.

"Funga mdomo wako," mama akasema kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu niwe mtu mzima. "Mjomba wako yuko ndani anasikia."

Hapo nikaelewa. Kwetu mtoto akiingia jandoni, jina aliloitwa utotoni linabaki huko. Anatoka na jina jingine, na hilo ndilo lake mpaka kaburini. Ukimwita kwa lile la zamani umemtukana. Enzi za wazee ulitozwa kuku. Wasichana nasi hivyo hivyo tukitoka unyagoni. Mimi mwenyewe, jina nililoitwa nikiwa mdogo, nikilisikia leo mishipa ya shingo hunisimama. Mjomba aliingia jandoni mama akiwa binti, mimi sijafikiriwa. Kama kungekuwa na jina moja duniani la kunipita bila kulijua, ni lile.

"Waliolijua wote wamekufa," mama akasema. "Nimebaki mimi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Najua mie alichoandika humo ndani?"

Nikakumbuka maji. Kila asubuhi gemu linapofunguka, kabla ya kitu chochote, linaandika jina la dereva kwenye kioo. Nilidhani mjomba ana kiu. Alikuwa ananitoa chumbani nisilisome. Na mimi niliyejiona mwerevu kwa herufi za kushoto nilikuwa napishana naye kila siku na bilauri mkononi. Aliposema siye alikuwa ametamka vizuri kabisa. Huyo wa mtaroni hakuwa yeye aliyemtaka.

Sikukaa kujilaumu, diski ilikuwa inagonga. Nikaikamata ile folda nikaanza kuihamisha. Mstari wa kijani ukafika chini ya nusu ukasimama, diski ikapotea kwenye kioo. Nikachomoa, nikachomeka. Ikarudi. Nikaanza upya, ikasimama pale pale. Mteja akaja kutaka kopi ya cheti cha kuzaliwa, nikamwambia aende akale kwanza. Nikajaribu kuhamisha faili moja moja. Nikajaribu kuisimamisha diski kwa ubavu, nikajaribu kuilaza kifudifudi. Kuna siku nilisikia mtu akisema diski inayokufa ukiigandisha huamka kidogo, basi nikaifunga ndani ya nailoni mbili nikaiweka kwenye friji.

Mama alifungua friji akachukua changu wake wa kukaanga. "Sasa tunagandisha na vyuma," akasema, akafunga.

Ikaamka kweli. Ikatoa faili nyingine, na nyingine, mimi nimeikodolea macho. Nikasema inawezekana. Kisha ikagonga mara moja kubwa, ikatulia. Nilichomeka na kuchomoa jioni nzima na asubuhi yake nzima. Haikugonga tena. Nilichofanikiwa kukitoa nilikiweka mahali pake na kufungua gemu, nalo likaniandikia kwamba faili imeharibika. Nikafungua tena, likaandika vile vile. Nilitamani kuitupa kompyuta dirishani.

Mama alisema maji yakishamwagika hayazoleki. Nikamwambia sasa hivi sitaki methali. Akanisamehe, akaniambia nenda kamwambie mwenyewe, usimtume mtu.

Nikaingia chumbani, nikakaa mkekani kando ya kitanda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Diski imekufa. Nimejaribu kila nilichokijua."

"Yote?"

"Yote. Limebaki lile la mtaroni."

Alikuwa bado amegeukia ukuta. Nikadhani mazungumzo yameisha. Kisha akaanza kusema, neno moja, kimya, neno jingine, na mimi nikajizuia kumsaidia.

"Siku ya kwanza... niliandika jina langu. Nikatia gari mtaroni. Mbele ya mpwa wangu. Mimi." Akameza mate. "Nikasema huyu hawezi tena. Nikamtafuta yule... wa zamani. Yule mkono wake mzima. Yule hajapatwa na kitu."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sababu nilikuwa nikimwona kila asubuhi anaendesha na kugombeza madereva, nikaamini ninamtazama mjomba akipona, kumbe yeye mwenyewe alikuwa amejiacha mtaroni siku ya kwanza na hakurudi kujiangalia. Lakini mimi si mtu wa kulia muda mrefu. Nikajifuta kwa mtandio.

"Mjomba," nikamwambia, "mimi yule simjui. Sijawahi kuishi naye. Hakunibeba begani kunipeleka madrasa, hakuniletea viatu vya shule kutoka Dar. Nilipofungua zile folda nilimwona mtu mmoja tu ninayemjua, nikamtoa yeye kwanza. Na leo zingekuwa mbele yangu tena, na muda ni wa mmoja, ningemtoa huyo huyo."

 Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikatoka nikaenda kuchapa kadi za watu. Nilizichapa kwa hasira na nadhani ndiyo sababu jina la bibi harusi mmoja lilikosa herufi.

Siku ile na iliyofuata hakutoka. Uji alikunywa. Mama aliniambia nisimsogelee, nami nikatii, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha asubuhi moja nikiwa napanga karatasi nikasikia mguu unaburuzwa. Akaja mpaka kwenye kiti. Akakaa. Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaupandisha mezani, akaunyoosha kando ya kibodi. Nikainuka.

"Nikuletee maji?"

"Ya nini?" akasema. "Kaa."

Akafungua gemu mbele yangu. Jina lake likatokea, lile tunalomwitia sote, akalitazama. Lori likatokea mtaroni na mabomba yake. Katika gemu lile kuna kitufe, ukikibonyeza linakuja gari la kuvuta magari mabovu, linakutoa, linakupeleka gereji, umemaliza. Nikanyoosha kidole.

"Acha," akasema.

Akarudi nyuma, tairi zikazunguka bure. Akasimama. Akakata usukani, akaenda mbele kidogo, kichwa kikazidi kuzama. Akasimama. Wateja wakaanza kufika. Alikuwepo mwalimu mmoja na risala yake ya kustaafu iliyokuwa haimridhishi tangu mwezi uliopita, na dada mmoja wa kadi, na mwendesha bodaboda aliyemleta. Wote wakasimama nyuma ya kiti. Wote wakawa madereva.

"Kata kulia, mzee."

"Hapana, kushoto, tela litamlalia."

"Apunguze gia."

"Nyamazeni," mjomba akasema, na neno lilitoka zima, wakanyamaza.

Mama alikuja na ungo wake akasimama mlangoni. Mjomba alikuwa anatoka jasho, kona ya mdomo imelowa, hakuwa na mkono wa kuifutia kwa sababu ule mmoja ulikuwa kazini. Sikumfuta. Alirudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja, akaenda mbele, akarudi nyuma, kila safari akipata kidogo. Gurudumu la nyuma likagusa ukingo wa lami, likateleza. Likagusa tena, likapanda. Tela likafuata likiyumba, kichwa kikainuka, lori likasimama barabarani limechubuka ubavu mzima.

Yule mwalimu akashusha pumzi. Mjomba akaachia herufi, akajifuta mdomo kwa bega, akautazama ule mzigo wa mabomba uliokuwa bado umefungwa nyuma.

"Haya," akaniuliza, "nilikuwa naupeleka wapi huu?"